Kabla Hujatuma Depositi ya Nyumba

Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umezunguka Roysambu, Zimmerman hadi Kahawa West ukisoma vibao vya nyumba tupu kwenye mageti, miguu imechoka, na mwishowe unapata moja inayolingana na mfuko wako. Tailsi mpya, dirisha kubwa, choo ndani. Keateka amesimama mlangoni na funguo mkononi. "Bosi, kuna mtu ameiona asubuhi na amesema anarudi na pesa jioni. Lakini wewe ukituma sasa hivi, nakuwekea."

Unatoa simu mfukoni.

Ngoja kidogo. Tuongee kabla hujaweka PIN.

Kazi yetu sisi ni kupitisha pesa kutoka simu moja hadi nyingine, na inafanyika kwa sekunde chache. Kasi hiyo ni nzuri ukilipa sokoni ama ukimtumia mama pesa za dawa. Kwa nyumba, kasi hiyo hiyo inaweza kukuumiza. Nyumba inataka ichunguzwe siku mbili tatu, lakini kuilipia ni sekunde tatu tu, na anayetaka kukuibia anajua hivyo vizuri. Ndiyo maana kila mara kuna "mtu mwingine" anayerudi jioni. Pengine yupo kweli. Hata kama yupo, mwache achukue. Nyumba tupu zitakuwepo hata wiki ijayo.

Ujumbe wa malipo unasema nini, na hausemi nini

Watu wengi hudhani kwamba kulipa kwa simu tayari ni ushahidi kamili. Ni ushahidi, lakini wa mambo machache. Ule ujumbe unaopata baada ya kutuma unaonyesha kiasi, jina la aliyepokea, tarehe na saa, na nambari ya muamala. Basi. Hakuna mahali pameandikwa kwamba hii ni depositi ya nyumba B12 na itarudishwa ukihama. Kwetu, Sh14,000 za depositi na Sh14,000 za friji ya mitumba zinafanana kabisa. Tunaona pesa zimetoka kwako zikaenda kwa fulani. Hatujui kama kulikuwa na nyumba, na hatujui mliambiana nini mlangoni.

Hii ndiyo sababu kurudishiwa pesa ni kugumu kuliko watu wanavyofikiria. Ukikosea tarakimu moja pesa zikaenda kwa mtu usiyemjua, unaomba muamala urudishwe, na ukiwahi kabla mpokeaji hajazitoa, kuna matumaini. Lakini kama ulimtumia mtu uliyekusudia kumtumia, kwa kiasi ulichokusudia, halafu akawa si mwenye nyumba, huo si muamala uliokosewa. Ni utapeli. Unahitaji kupiga ripoti polisi upewe nambari ya OB, na utujulishe haraka iwezekanavyo. Mara nyingi kufikia hapo pesa zimeshatolewa kwa ajenti na laini imezimwa.

Kwa hivyo zile habari zinazokosekana kwenye ujumbe wa malipo, ziweke wewe mwenyewe kwa maandishi, na uziweke KABLA ya kutuma. Si lazima iwe barua ya wakili. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe wa kawaida au wa WhatsApp: "Habari. Nataka kulipa Sh28,000 za nyumba B12. Sh14,000 ni kodi ya Novemba na Sh14,000 ni depositi, ambayo nitarudishiwa nikihama baada ya notisi ya mwezi mmoja na nyumba ikiwa sawa. Nitume kwa nambari hii? Tafadhali thibitisha." Halafu subiri ajibu. Neno moja tu la "sawa" kutoka kwake lina maana kubwa. Ukituma kwanza ndipo uulize, hana haja tena ya kukujibu. Lakini kabla hujatuma, yeye ndiye anayengoja wewe, na mtu anayengoja pesa hujibu meseji haraka sana.

Akikataa kuandika chochote na anataka mambo yote yawe ya mdomo, hapo umeshajua unashughulika na mtu wa aina gani.

Jina litakalotokea ni la nani?

Kuna mchezo mmoja ambao umewaliza watu wengi Nairobi na miji ya karibu. Mtu anapanga nyumba kama mpangaji wa kawaida, analipa mwezi mmoja, anapewa funguo. Halafu anaipiga picha, anaiweka Facebook kwa bei ya chini kuliko ya mtaa, na anawaonyesha watu kumi akijiita mwenye nyumba au ajenti. Nyumba ni ya kweli, funguo ni za kweli, umeingia ndani na ukafungua mfereji ukaona maji. Wote kumi wanalipa depositi na wote wanaambiwa wahamie tarehe moja. Siku hiyo mnakutana getini na vitanda juu ya pikapu, kila mtu na meseji yake ya malipo mkononi.

Mchezo wa pili ni wa yule ambaye hata nyumba hana. Yuko safarini, ama anafanya kazi ng'ambo, na anaomba "kitu kidogo cha kushikilia" ili asimpe mtu mwingine. Huyu dawa yake ni rahisi: kama hujaingia kwa miguu yako, usitume hata shilingi mia. Ada ya kuonyeshwa nyumba nayo imekuwa mazoea siku hizi, na kuna maajenti halali wanaoitoza. Lakini hiyo unailipa mkiwa mmesimama pale nyumbani, si ukiwa bado kazini kwako mjini.

Ili kumjua mwenye nyumba wa kweli, uliza wapangaji. Si keateka, si ajenti. Panda ngazi, bisha mlango wa jirani, jitambulishe kwa heshima: "Samahani mama, nataka kuhamia hapa juu. Kodi nyinyi hulipa kwa nani?" Wakenya hatunyimani habari kama hizo. Jirani atakuambia jina, atakutajia nambari ya paybill, na ukikaa dakika tano zaidi atakuambia na tabia ya keateka. Halafu linganisha. Kama majirani wote wanalipa kwa paybill ya ploti na wewe peke yako unaambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi, uliza kwa nini. Jibu la "paybill iko na shida leo" likubali kwa maneno, lakini pesa zingoje hadi kesho.

Ukituma kwa nambari ya simu, jina la mpokeaji linaonekana kwenye skrini kabla hujakamilisha. Lisome. Tunajua wengi hubonyeza tu kwa mazoea. Jina hilo linafaa kufanana na lililo kwenye mkataba na kwenye kitambulisho ulichoonyeshwa. Kama ni la mke wa mwenye nyumba au la mtoto wake, inawezekana kabisa, hizi ni nyumba za familia, lakini basi liandikwe kwenye mkataba kwamba malipo yatapokewa na fulani kwa niaba ya fulani.

Ukilipa kwa paybill, jambo la kuangalia ni nambari ya akaunti. Ploti nyingi hutumia nambari ya nyumba. Ukiandika B21 badala ya B12, pesa zitafika kwa mwenye nyumba lakini zitahesabiwa kwa jirani yako, na tarehe 6 utakuta kufuli mlangoni ilhali umelipa. Kosa kama hilo linarekebishwa ukimwonyesha ujumbe, ila ni usumbufu usio na sababu.

Na tafadhali, usimpe mtu simu yako "akusaidie kutuma", hata awe mpole kiasi gani.

Hesabu iliyo nyuma ya kodi

Kibao getini kinasema Sh14,000. Hiyo ni kodi. Pesa unayohitaji ili ulale ndani ya hiyo nyumba ni nyingine kabisa. Tuseme kodi ya mwezi wa kwanza Sh14,000, depositi Sh14,000, depositi ya maji Sh1,500, depositi ya stima Sh2,000, takataka Sh300, na ada ya kuandika mkataba Sh1,000. Umeshafika Sh32,800 na hujaita pikapu. Ongeza usafiri, mtu wa kubeba kabati hadi orofa ya nne, pazia za dirisha kubwa ulilolipenda, na balbu tatu kwa sababu aliyehama ameenda na zake.

Omba orodha hiyo yote mara moja, kwa maandishi. Uliza kila kitu kama kinarudishwa au hakirudishwi, kwa sababu neno depositi hutumiwa vibaya. Kuna mahali "depositi ya maji" ni ada tu iliyopewa jina zuri, hutaiona tena. Kama ajenti ameongeza kitu anachokiita ushuru wa KRA, mwulize ni upi. Tangu Januari 2024, ushuru wa mapato ya nyumba za kukaa ni asilimia 7.5 ya kodi anayokusanya mwenye nyumba, kwa wale wanaopata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Ni ushuru wa mapato yake yeye. Anaweza kupandisha kodi kama soko linamruhusu, lakini kukuandikia ushuru wake kando kwenye risiti yako ni jambo la kuuliza.

Wengi hukimbilia mkopo wa simu ili kujaza depositi. Hapa nitasema bila kuzunguka, hata kama ninaandikia kampuni ya pesa: depositi ni pesa utakayoiona tena siku ukihama, labda miaka mitatu ijayo, na mkopo wa simu unataka ulipwe ndani ya mwezi. Hivyo viwili havipatani. Mwezi wa pili utakuwa unalipa kodi na mkopo pamoja na mshahara ni ule ule. Ni afadhali umwombe mwenye nyumba alipwe depositi kwa awamu mbili. Wengine hukubali, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu, na awamu hizo pia ziandikwe.

Fungua mfereji, halafu uliza tena

Swali la "maji yako?" halina maana. Hakuna keateka aliyewahi kujibu hapana. Nairobi maji ya kaunti huja kwa mgao, na ratiba hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hivyo uliza hivi: maji ya kaunti huingia siku gani, tangi ni la lita ngapi, linahudumia nyumba ngapi, na yakiisha inakuwaje? Ploti ya nyumba 40 yenye tangi la lita 10,000 ina lita 250 kwa kila nyumba. Familia ya watu wanne inayofua Jumamosi inaweza kumaliza hizo kwa siku moja.

Halafu piga hesabu ya shida. Kama utanunua mitungi sita ya lita 20 kila siku, na tuseme mtungi ni Sh20, hiyo ni Sh120 kwa siku, Sh3,600 kwa mwezi ukinunua kila siku. Nyumba ya Sh14,000 isiyo na maji basi si ya bei nafuu kuliko ya Sh17,000 yenye maji. Na hatujahesabu mgongo.

Kama ni maji ya kisima, yaonje. Sehemu nyingi za Kitengela, Athi River na hata Mombasa maji ya kisima yana chumvi. Ya kuoga na kufua utayazoea, lakini ya kunywa na chai utayanunua kando. Angalia pia kichwa cha shawa na sufuria za jirani: utando mweupe mgumu unakuambia maji ni ya aina gani bila kuuliza mtu.

Stima ina mambo yake. Mita iliyo mlangoni inaweza kuwa ya Kenya Power, ama ikawa mita ndogo ya ploti ambayo mwenye nyumba ameiweka ili agawanye bili ya mita moja kubwa. Tofauti ni kubwa mfukoni. Kwa mita ya Kenya Power ya kulipia kabla, unanunua tokeni kwa paybill yao, 888880, na nambari ya mita ndiyo akaunti. Kwa mita ndogo, unanunua kwa paybill ya kampuni nyingine au ya mwenye nyumba mwenyewe, na bei ya yuniti inapangwa huko.

Usibishane na mtu kuhusu bei. Mwombe jirani akuonyeshe meseji ya tokeni aliyonunua karibuni. Pale kuna kiasi alicholipa na yuniti alizopata. Linganisha na meseji ya tokeni ya nyumba unayoishi sasa au ya rafiki yako anayetumia mita ya Kenya Power. Bei inaweza kutofautiana kidogo kutokana na matumizi ya kila mtu, lakini kama yeye anapata nusu ya yuniti zako kwa pesa ile ile, umeshajua. Kama mita ni ya Kenya Power, chukua nambari yake na uulize kama ina deni. Unaweza kuanzia *977#. Deni la aliyehama likibaki kwenye mita, tokeni zako ndizo zitakazoanza kulilipa. Hakikisha limelipwa kabla hujachukua funguo, na si baada ya kuambiwa "tutaangalia".

Rudi usiku

Mimi mwenyewe niliwahi kulipia nyumba Rongai niliyoiona Jumapili alasiri. Kimya kabisa, ndege wanaimba. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaamshwa na mashini ya kukata vyuma, kwa sababu nyuma ya ukuta wa chumba changu cha kulala kulikuwa na karakana ya kuchomelea mageti. Jumapili walikuwa kanisani. Nilikaa miezi saba.

Tangu hapo naangalia nyumba mara mbili: mara moja mchana kwa ajili ya mwanga na nyufa, mara moja jioni baada ya saa moja kwa ajili ya kila kitu kingine. Jioni utajua kama taa za ngazi zinawaka, kama kuna baa ambayo mchana ilikuwa duka lililofungwa, na kama kutoka steji hadi getini ni njia unayoweza kutembea ukiwa umebeba mkoba. Utajua nauli ya saa ya msongamano pia. Mchana matatu ni Sh50, jioni ikinyesha inaweza kuwa mara mbili, na wewe utakuwa unarudi jioni.

Kuhusu jengo lenyewe, nyufa nyembamba za rangi ni kawaida. Ufa unaoingiza sarafu, unaopita mshazari kwenye ukuta au kwenye nguzo, si wa kawaida. Mlango usiofungika vizuri kwa sababu fremu imepinda nao ni dalili. Na angalia mto uko wapi. Aprili 2016 jumba la orofa sita lilianguka Huruma baada ya mvua kubwa, karibu watu 50 wakafariki. Lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limeshatajwa kuwa la kubomolewa, lakini watu waliendelea kuishi ndani wakilipa kodi kila mwezi. Mvua za Machi hadi Mei 2024 nazo zilifurika nyumba nyingi zilizo karibu na mito Nairobi, Mathare ikiwemo, na serikali ikaamuru waliokuwa kwenye kingo za mito wahame. Ukiona alama ya X ya rangi nyekundu ukutani, uliza. Na kama nyumba ya chini inaanzia sentimita chache tu juu ya mtaro, angalia ukuta kwa ndani, nyuma ya mahali kitanda kinapowekwa. Rangi mpya kwa kimo cha magoti tu, katika nyumba nzima isiyopakwa rangi, ni habari tosha.

Mkataba wa karatasi moja

Mikataba mingi ya ploti ni ukurasa mmoja uliotolewa kopi mpaka herufi zikafifia. Soma hivyo hivyo. Kuna mahali patatu pa kukazia macho.

Kwanza notisi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema upangaji usio na muda maalum unahesabiwa kwa kipindi cha kulipa kodi, na kuuvunja kunataka notisi isiyopungua kipindi hicho. Ukilipa kila mwezi, basi ni mwezi mmoja, kwako na kwake. Kama mkataba unakutaka wewe utoe miezi miwili na yeye siku 14, mwambie mfanye sawa kabla ya kutia sahihi. Angalia pia kama notisi lazima itolewe tarehe 1. Watu hupoteza depositi kwa sababu walitoa notisi tarehe 4, ikahesabiwa imeanza mwezi unaofuata.

Pili, kuchelewa. Tarehe ya mwisho ni ipi, tarehe 5 au 10, na faini ni ngapi kwa siku? Linganisha na siku mshahara wako unapoingia kweli kweli, si siku inayofaa kuingia. Kama unalipwa tarehe 7 na mwisho ni tarehe 5, ongea sasa. Kusogeza tarehe kabla ya kuhamia ni rahisi. Kuisogeza ukiwa na deni si rahisi.

Tatu, depositi itakatwa nini. Hapa ndipo vita vyote huanzia. "Ukarabati" ni neno pana sana. Mwenye nyumba mwingine hukata rangi ya nyumba nzima hata kama ulikaa miaka minne na ukuta umechakaa kwa umri wake tu. Omba iandikwe wazi: rangi inakatwa au haikatwi, ni kiasi gani, na depositi itarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kukabidhi funguo. Mkataba usiotaja siku unaweza kukuzungusha hadi mwaka ujao.

Mambo yakiharibika, jua pa kwenda. Jopo linaloshughulikia nyumba zinazolindwa na sheria ya kudhibiti kodi lipo, lakini sheria hiyo inahusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani ambacho nyumba nyingi za mjini leo zimekipita. Kwa madai ya pesa hadi Sh1 milioni, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Huko unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na kesi inafaa kumalizika ndani ya siku 60. Hapo ndipo ile meseji yako ya "nitume kwa nambari hii?" na lile "sawa" lake vitakapofanya kazi, zikiwa pamoja na ujumbe wetu wa malipo. Sisi tunaonyesha pesa zilienda kwa nani. Meseji zenu zinaonyesha zilienda kwa nini.

Siku ya funguo

Kabla sofa halijaingia, tembea nyumba nzima na simu ukirekodi video. Anza na mlango wa nje ili nambari ya nyumba ionekane. Piga kila ukuta, kioo kilichopasuka, soketi iliyoungua, sinki linalovuja, kitasa kilicholegea, mita ya stima na mita ya maji huku tarakimu zikisomeka. Ongea ukirekodi, utaje tarehe. Mtumie mwenye nyumba video hiyo siku hiyo hiyo, na useme tu kwa upole: "Hivi ndivyo nimeipata." Si kumshuku. Video iliyobaki kwenye simu yako peke yako inaweza kupotea na simu. Iliyotumwa ina tarehe na iko kwa watu wawili.

Jumbe za malipo nazo usizifute. Tunajua simu zikijaa watu hufuta meseji zote kwa mpigo. Kama umeshazifuta, usiwe na wasiwasi sana, unaweza kuomba taarifa ya miamala yako, lakini usingoje hadi mmegombana. Wengine huweka daftari ndogo jikoni: mwezi, kiasi, nambari ya muamala, nani alipokea. Ukilipa pesa taslimu hata mara moja, chukua risiti iliyotiwa sahihi, kwa sababu hiyo hatutakuwa na njia ya kukusaidia kuitafuta.

Na uliza jambo moja ambalo karibu kila mtu husahau: depositi ikirudi, itarudi kwa njia gani? Paybill inapokea kwa urahisi, lakini siku ya kurudisha utaambiwa uende ofisini, na ofisi iko mjini orofa ya tano, na anayeidhinisha malipo hayuko. Ikubaliwe tangu mwanzo kwamba itatumwa kwa nambari yako ya simu, na nambari hiyo iandikwe kwenye mkataba. Ukibadilisha laini katikati, mwandikie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.